Waliojifungulia Njiani

9 Februari

Kwako mwanangu,

Nakusalimu wewe, mama watoto wako, na hao wajukuu zangu wawili ambao picha zao nimezibandika hapa zahanati, juu ya mzani wa watoto. Macho ya kaka yangu yanaendeleaje baada ya upasuaji? Mwambie baba yako asijifanye kijana wa kusoma gazeti kabla daktari hajamruhusu. Na kwa kuwa wewe umerithi jina la marehemu baba yetu, nikikukaripia humu ujue ninamkaripia mzazi wangu, jambo ambalo naliogopa kidogo. Kidogo tu.

Sisi wazima. Binamu yako Chiriku, binti yangu, ameingia mwezi wa saba wa ujauzito na mdomo haujapungua kasi. Juzi alimsimulia mumewe fundi seremala kisa kimoja tangu walipoanza kula mpaka fundi akasinzia na tonge mkononi. Hakuona. Akaendelea.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu huku hushika mtandao mtu akipanda juu ya tangi la maji, na magoti yangu si ya kupanda matangi. Tena kuna maneno hayasemwi kwa sauti ya juu ya tangi. Dereva wa gari la dawa atakufikishia.

Kila asubuhi nawasha redio ukumbini, akina mama wakisubiri kliniki, tunasikiliza kipindi chako. Kabla hujaanza linapita lile tangazo: "Kila mzazi, hospitali. Zahanati si mahali pa kuzalia." Unalijua. Tangu agizo hilo la wizara litoke, mwaka wa tatu huu, chumba changu cha kuzalishia kimefungwa. Mimi niliyezalisha miaka ishirini na sita, leo mwenye uchungu akija kazi yangu ni kumwandikia karatasi na kumtafutia usafiri. Hospitali iko kilomita sabini. Gari la wagonjwa ni moja, zahanati ni kumi na moja.

Tangu Novemba wanne wamejifungulia njiani. Mmoja ni yule muuza mboga niliyemzalisha watoto wake watatu wa kwanza. Alifia kando ya barabara, kichwa chake kikiwa mapajani mwa dada yake. Nilipotaka kumwandika kitabuni sikupata pa kumwandika. Si wa zahanati, maana hakuzalia hapa. Si wa hospitali, maana hakufika. Wakubwa wanasema vifo vya wazazi hospitalini vimepungua nusu. Ni kweli kabisa. Mtu hafi mahali asipofika.

Siombi agizo lifutwe. Naomba asubuhi moja ufungue simu, watu waseme wanayoyaona. Basi.

Shangazi yako


3 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta salama, imekunjwakunjwa na inanuka dawa, nikajua hiyo ni yako kabla sijaona mwandiko. Baba hajambo. Jicho la kulia limefunguka vizuri, la kushoto bado lina ukungu, na gazeti anasoma kwa siri chooni. Watoto wanakuamkia. Mkubwa amepandishwa darasa.

Kazini tunamshukuru Mungu. Wiki iliyopita tulifungua simu kuhusu mbwa wanaozurura mitaani, na hujawahi kusikia watu wakali namna ile. Wiki hii ni mashimo ya barabarani. Mtu mmoja alipiga akiwa ndani ya shimo lenyewe.

Nimekutumia miwani mipya ya kusomea na viatu vya kazini, namba ile ile. Nimefurahi mno kusikia habari za Chiriku. Mwambie aniwekee maneno machache na mimi, asiyamalize yote kwa fundi.

Lile jambo lako nimelisoma kwa makini. Nitalipima.

Mwanao


17 Machi

Mwanangu,

Salamu za nyumbani zipo, sizirudii. Viatu vimenitosha. Miwani pia inanifaa, nimeitumia kusoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimeona umejibu kila kitu isipokuwa nilichokuuliza.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Siku hizi hata asiyeficha hazai, anaandikiwa karatasi akapande gari.

Wiki jana alikuja msichana wa kiwanda cha matofali, uchungu umekolea. Nikamwambia twende nikutafutie gari. Akanishika mkono, akaniambia, "Bibi mkunga, si wewe upo hapa?" Nilimwambia nini? Nilimwandikia karatasi. Alijifungua nyuma ya gari la mchanga. Mtoto yuko hai, ana michubuko kichwani.

Unapima kwa mizani gani, mwanangu, hata mwezi uishe?

Shangazi


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe. Nilikujibu kama ninavyomjibu msikilizaji msumbufu, na wewe si msikilizaji. Wewe ndiye uliyenipokea duniani, na baba husema ulinipiga kofi la matako kabla hajanipiga yeye.

Nilikwenda kwa mhariri mkuu. Huyu tunamwita Mkasi, na yeye anajua. Nikamwambia, "Mzee, nina mada."

"Sema."

"Agizo la hospitali."

Akaweka kalamu mezani. "Lina nini?"

"Watu wanajifungulia njiani."

"Sawa. Fanya kipindi cha barabara."

"Si barabara, mzee. Ni agizo lenyewe."

Aliinuka akafunga mlango. "Kijana, kuna mambo ya kujadiliwa na kuna mambo ya kushangiliwa. Ukipokea simu moja tu ya kulipinga hili, kesho tutaambiwa redio yetu inataka akina mama wafe. Nani atatutetea? Wewe?"

Nikarudi mezani kwangu. Na usidhani tumekatazwa. Nimepekua mafaili yote, hakuna barua, hakuna amri, hakuna hata karatasi yenye muhuri. Ni sisi kwa sisi. Mmoja akilikwepa, wa pili anajifunza kulikwepa, wa tatu anakuta ndiyo desturi ya nyumba.

Halafu kuna yule mwalimu. Unamkumbuka, yule aliyefia kwenye zahanati pamoja na mapacha wake, mkunga akihangaika na tochi ya simu. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kazi redioni. Niliandamana, nikabeba picha yake. Ilikuwa picha ya harusi, amecheka. Agizo lile lilizaliwa na machozi ya kweli, Shangazi. Ndiyo maana haligusiki. Anayelihoji anaonekana anakanyaga kaburi.

Nipe muda kidogo. Chiriku sasa yuko karibu kujifungua, sivyo? Nitumie habari mara tu.

Mwanao


20 Mei

Mwanangu,

Barua yako niliipata. Nimechelewa kujibu, kazi zilikuwa nyingi. Mvua imeezua mabati mawili ya stoo ya dawa, fundi wa bati anasema atakuja, na hajaja. Chanjo zimefika pungufu. Nimefurahi kusikia jicho la kaka linafunguka. Mwambie nimemwombea.

Sisi tupo.

Shangazi


28 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikaigeuza nyuma kutafuta iliyobaki. Hujawahi kuniandikia mistari saba tu maisha yako yote. Hata orodha yako ya sokoni ni ndefu kuliko hiyo.

Hukumtaja Chiriku.

Nimempigia simu, haipatikani. Nimempigia fundi, akaniambia, "Muulize shangazi yako," akakata. Baba anauliza kila akiamka. Nimemdanganya kwamba mko sawa kwa sababu nilishindwa kusema sijui.

Nakuomba, nieleze. Lolote lile.

Mwanao


15 Juni

Mwanangu,

Hujambo. Msalimie kaka, umsomee barua hii taratibu, usiruke.

Uchungu ulimshika Chiriku tarehe 24 Aprili, saa nane mchana. Alikuja kwa miguu yake, anacheka, anasema mtoto ana haraka kuliko baba yake. Nilimpima. Njia ilikuwa imefunguka sana. Mtu wa kazi yangu haulizi mara mbili: yule alikuwa wa kuzaa ndani ya saa moja na nusu. Na hospitali kwa mvua ile ilikuwa mwendo wa saa tatu.

Nilijua, mwanangu. Sitaki uje uambiwe na mtu kwamba sikujua.

Mwezi wa tatu mkaguzi alikuja akaniambia nikimzalisha hata mmoja, leseni yangu imekwisha. Hilo ni kweli, lakini nikisema ni hilo tu nitakuwa mwongo. Pale ukumbini alikuwa amekaa dada wa yule muuza mboga, kaleta mtoto wa marehemu kupimwa uzito. Ananitazama. Nikajiuliza, wa watu nimewaandikia karatasi, wangu nimfungulie mlango? Kesho nitamwambia nini huyu mwanamke? Nikaona haki ni kumpeleka wangu kama nilivyowapeleka wao. Niliita haki kitu ambacho hakikuwa haki. Kosa lililogawiwa sawasawa bado ni kosa.

Gari la wagonjwa lilikuwa zahanati nyingine. Fundi akaleta gari la kubebea mbao, tukatandika godoro. Mimi nilibaki, kwa kuwa nipo peke yangu na ukumbi ulikuwa umejaa. Alikwenda na mumewe na mama mkwe. Walikwama kwenye matope kilomita ya thelathini, na mtoto akaja hapo hapo. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni. Mama mkwe ni mwanamke jasiri lakini hakujua la kufanya, akawa anamvuta mtoto na kumwita Mungu. Mimi kamba hiyo huivua kwa vidole viwili, kama mtu anavyovua mkufu. Nimeivua mara ngapi sijui.

Chiriku alitokwa na damu nyingi. Trekta likawavuta, akafika hospitali, wakamwokoa. Hospitali ilimwokoa, na hilo nalisema mbele ya yeyote. Alilazwa siku kumi na saba. Mtoto waliniletea mimi. Nilimwosha, tukamzika mimi na fundi kabla mama yake hajatoka.

Alipotoka hakuja kwangu. Yuko kwa wakwe zake. Nimekwenda mara nne. Ananipa kiti, ananipa maji, ananipokea vizuri kabisa kama mgeni, na hasemi neno. Chiriku, mwanangu. Yule.

Ulisema nikupe muda. Nilikupa.

Shangazi yako


11 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Baba nilimsomea mpaka mwisho, sikuruka. Alivua miwani akaipangusa, akaivaa, akaivua tena.

Sijui kama Jumatatu redio yako ilikuwa imewashwa. Nitakueleza kama vile haikuwashwa.

Kwanza nikuambie nisiyowahi kukuambia. Sauti ya lile tangazo ni yangu. Waliibadilisha kidogo kwenye mitambo iwe nzito, lakini ni mimi, na maneno niliyaandika mimi, jioni moja, nikijisikia mtu mwema. Miaka mitatu umekaa ukumbini ukinisikiliza nikikuambia kwamba mahali pako pa kazi si mahali pa kuzalia. Najua ulinitambua. Mtu aliyenisikia nikilia kwa mara ya kwanza atashindwa kunitambua kwa hilo? Hukusema, ukaniachia niseme mwenyewe.

Jumatatu nilipangiwa usafi wa masoko. Taa nyekundu ilipowaka nikaiweka karatasi pembeni nikasema, "Leo nina swali moja. Nani anamjua mama aliyejifungulia njiani akielekea hospitali? Tupigie."

Nilitegemea kimya. Laini zote sita ziliwaka.

Wa kwanza alikuwa mwanamume, amekasirika hadi sauti inakatika. "Mnataka turudi kule? Mke wangu alifia zahanati! Mnajua nyinyi?" Nilimwacha amalize. Hakukosea kukasirika. Wa pili, dereva wa lori, akasema amebeba wawili, mmoja alimfunika kwa turubai la simenti kwa kuwa hakuwa na kingine. Wa tatu muuguzi wa hospitali, hakutaka jina: "Wanatufikia wamechelewa, sisi tunaandika wamefika."

Hapo Mkasi akawa ameingia chumba cha mitambo. Nilimwona kupitia kioo, anamsogeza fundi mitambo, anaweka kidole chake mwenyewe kwenye swichi ya kukata. Nikapokea laini ya nne haraka, kabla hajabonyeza.

"Mimi sina maoni," sauti ikasema. "Nina swali."

Nilimjua hapo hapo. Nikasema, "Karibu, dada."

"Mama yangu ni mkunga. Siku ya uchungu wangu alinipandisha kwenye gari la mbao kwa mikono yake, na funguo za chumba cha kuzalishia zilikuwa mfukoni mwake, nilizisikia zikigongana. Mama yangu si mtu mwoga. Aliwahi kumfukuza nyoka wodini kwa ufagio huku anaimba. Nauliza hao wanaosema jambo hili halizungumzwi. Mlimfanyaje mama yangu mpaka akaogopa kufungua mlango?"

Akakata. Redioni kimya cha sekunde kumi ni kosa la kufukuzwa kazi, na nadhani changu kilifika ishirini. Nilipotazama kioo, Mkasi alikuwa bado na kidole kwenye swichi. Hakubonyeza. Alikuwa anatazama sakafu.

Baadaye akaniita. Alisema, "Umeniponza," bila ukali. Kipindi amepewa mwingine. Mimi nimehamishiwa matangazo ya vifo na vitu vilivyopotea. Lile tangazo nimewaandikia waitoe sauti yangu. Wamesema watafikiria.

Hiyo ndiyo hali. Sijui kama nimefanya jema au nimekuanika wewe mbele ya watu. Niambie ukweli.

Mwanao


30 Julai

Mwanangu,

Salamu nyingi kwenu nyote, na pole kwa kuhamishwa. Nilikusikia juzi ukitangaza mbuzi mweusi aliyepotea. Ulimtangaza kwa heshima, mwenyewe lazima atampata.

Redio ilikuwa imewashwa. Ukumbi ulikuwa na akina mama kumi na wanane. Ulipouliza swali lako hakuna aliyecheka, hakuna aliyekohoa. Ilipokuja sauti ya Chiriku nilikuwa nimeshika sindano ya chanjo, nikaiweka chini. Alipotaja funguo, watu wote wakanitazama mfukoni. Zilikuwamo. Dada wa muuza mboga alikuwa pale pia. Aliinuka, akaja akasimama karibu yangu, bega kwa bega, kama watu wanavyosimama msibani.

Unaniuliza kama umenianika. Ndiyo, umenianika. Nguo iliyolowa haikauki sandukuni.

Maofisa wawili kutoka wilayani walikuja wiki iliyofuata. Walinihoji mezani kwangu tangu asubuhi mpaka saa saba. Mkubwa wao akaniuliza, "Binti yako anasema uliogopa. Ulimwogopa nani hasa?" Nikafikiri sana. Mkaguzi? Waziri? Wewe wa kwenye tangazo? Nikamwambia, "Niliogopa kuwa mtu pekee anayesema." Yule mdogo, aliyekuwa anaandika, akauliza kama aliandike hilo. Mkubwa akamwambia andika.

Usitegemee makubwa. Waziri ametangaza kwamba agizo liko pale pale, halijadiliwi. Lakini fomu ya mwezi imekuja na mstari mpya, haukuwapo: "Waliojifungulia njiani." Nimejaza. Nimemwandika muuza mboga, wa kwanza, ingawa ni wa mwaka jana. Wakiirudisha nitaijaza tena vile vile.

Na Alhamisi alikuja mwanamke, mke wa mlinzi wa shule, hajakaa hata kwenye benchi nikaona hafiki popote. Sikumwandikia karatasi. Tulipata mtoto wa kiume, kilo tatu na robo. Nimeliandika jina langu lote kitabuni, kwa wino, na barua ya kujieleza nimeshaituma wilayani mwenyewe kabla hawajaniomba. Leseni wakiichukua, nitajua niliiuza kwa nini.

Sasa la mwisho, ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Jumapili Chiriku alikuja nyumbani. Alikuja peke yake, mchana. Hakukaa kwenye kiti cha wageni. Alipita moja kwa moja jikoni, akachukua ungo, akaanza kuchambua mchele niliokuwa nimeuacha. Nikakaa upande wa pili. Tukachambua. Nilitaka kumwomba radhi, na maneno nilikuwa nimeyapanga tangu Mei, yote yakanipotea. Mchele ukaisha, akawa anachambua ambao umeshachambuliwa.

Kisha akaniuliza, bila kuinua macho, "Mama. Alifanana na nani?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Fundi hawezi kulitaja, mama mkwe analia. Mimi peke yangu ndiye niliyemshika kwenye mwanga nikamtazama vizuri.

Nikamwambia. Nikamwambia alikuwa wa kike. Paji la uso lilikuwa la fundi, pana, na masikio yalikuwa yake yeye, yamelala kichwani. Nywele zilikuwa nyingi, za kusuka. Vidole virefu. Kwenye bega la kushoto alikuwa na alama nyekundu ndogo kama punje. Nikamwambia nilimwosha kwa maji ya vuguvugu, si ya baridi, na nilimfunga kwenye shuka jipya, na kabla hatujamfunika nilimwambia mama yake ni nani. Aliniuliza kucha zilikuwaje, nikamweleza kucha. Aliniuliza tena masikio.

Tulikaa pale mpaka jua likahama dirishani. Aliuliza yote, na mimi nikamjibu yote.

Shangazi yako